Mtoto Hutangulia

Kwenye fuso, lori linalopanda vilima vya Kirolirwe, kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna asiyeijua: mtoto hutangulia. Mama aliye chini humwinua mwanawe juu ya kichwa chake, husema "Pokea!" na yeyote aliyekaa juu ya magunia hunyoosha mikono. Haulizwi jina wala kilima alikotoka. Mzigo hufuata. Mama mwenyewe hupanda mwisho, kwa sababu ukuta wa fuso ni mrefu, unataka mikono yote miwili na goti. Shofere naye hathubutu kuondoka katikati ya mambo hayo. Akijaribu, walio juu watapiga paa la kabini kwa viganja mpaka asimame.

Mama Adelaïde alikuwa amepokea watoto wengi namna hiyo, tangu ubinti wake hadi siku hizi za ujane. Wengine walimkojolea. Mmoja alimvuta hereni hadi sikio likachanika. Wote aliwarudishia mama zao, na hakuwahi kuliona jambo hilo kuwa wema. Lilikuwa kama kusalimia mtu njiani.

Sasa alikuwa mjini Goma. Binti yake Claudette, fundi wa kushona anayekaa Ndosho, alimsumbua kwa simu muda mrefu aje apumzike siku chache.

"Mama, maharagwe iko na miguu? Itakukimbia?"

"Mavuno imekwisha, lakini kuku..."

"Kuku nazo iko na Mungu yao. Kuja."

Akaja. Lakini kilichomleta hasa ni macho. Mumewe Faustin alipokuwa hai, ndiye aliyesoma Biblia kila jioni kabla ya chakula, na yeye alisikiliza huku akichagua mawe kwenye maharagwe. Faustin alipokwenda, Adelaïde aliichukua kazi ile, kidole chini ya kila neno, kwa sauti, ili nyumba isinyamaze. Shule yake ilikuwa ya msingi tu, ila ilimtosha. Lakini tangu mvua za mwisho herufi zilianza kutawanyika kama siafu waliomwagiwa maji. Jioni nyingine alifungua kitabu, akakifunga, akasema yale aliyoyakumbuka. Na aliogopa, kwani aliyoyakumbuka yalikuwa yanapungua.

Kwa hiyo Claudette alimpeleka kwa fundi wa miwani kule Birere. Wakampima, wakamwambia arudi Jumamosi kabla ya saa sita, kwa kuwa saa sita fundi anafunga, na Jumapili hafungui. Jumatatu alfajiri fuso la Kirolirwe linaondoka. Jumamosi ilipofika, Claudette alikuwa amezama katika magauni ya arusi ya watu, pini zimejaa mdomoni.

"Nitaenda mwenyewe," Adelaïde alisema.

"Utapotea, Mama."

"Niko na mudomo. Mwenye mudomo anafika."

Claudette akatoa pini moja, akacheka. "Bon. Unapanda bisi ya manjano pale kwenye njia panda. Unakaa ku dirisha. Ukiona kibao yenye jicho kubwa, unasema 'nashuka'. Sema kwa nguvu, Mama, usiseme kama uko kanisani."

Basi dogo la manjano alilolipata lilikuwa na neno moja kwenye kioo cha nyuma, kwa rangi nyekundu: SUBIRA. Halikujaa. Adelaïde aliingia, akasimama kidogo mlangoni kama mtu aingiaye nyumba ya watu, akasema, "Bwana asifiwe." Wanawake wawili walimwitikia. Baba mmoja mwenye tai alitikisa kichwa bila kuinua macho kwenye simu yake. Adelaïde akakaa dirishani, akaomba kimyakimya safari iwe njema, kama wanavyoomba wote kwa pamoja fuso linapowashwa. Hapa kila mtu alijiombea mwenyewe, au hakuomba. Hakuwahukumu. Aliona tu kwamba ni watu wanaokaa pamoja bila kuwa pamoja, akawaza kwamba pengine ndivyo mji unavyopata nafasi ya kuwaweka wote.

Mbele ya soko moja dogo gari lilisimama. Konvoyeri, mwanaume wa makamo aitwaye Darius mwenye sauti iliyokauka kwa kuita abiria, aliruka chini. "Birere! Birere! Nafasi iko! Mama, ingiza miguu, kichwa itafuata!"

Chini ya dirisha la Adelaïde alisimama mwanamke kijana. Adelaïde alimjua kabla hajamjua: kitenge kilichofungwa juu kifuani, udongo mweusi wa vilimani kwenye pindo, furushi kubwa miguuni. Yule mwanamke aliinua macho, akamwona mama wa umri wa mama yake mwenye kitambaa cha kichwani, naye pia alimjua kabla hajamjua. Alimfungua mtoto mgongoni, akamwinua hadi dirishani.

"Pokea."

Adelaïde akanyoosha mikono, akapokea. Halikuwa jambo la kufikiri.

Mama yule aliinama kuchukua furushi. Nyuma yao basi jingine likapiga honi, likataka kulipita SUBIRA liwahi abiria wa mbele. Darius akarukia mlangoni, akapiga bati la gari kwa kiganja, na gari likaondoka.

"Simama!" Adelaïde alisema. Sauti ilitoka kama ya kanisani.

Hakuna aliyegeuka. Basi akafanya alichokijua. Aliinua mkono, akapiga paa kwa nguvu, pa! pa! pa! kama wanavyopiga juu ya fuso. Lakini mjini gari likipigwa, shofere anaelewa kwamba wote wameingia, aende. Shofere akaongeza mwendo. Adelaïde akapiga tena, gari likakimbia zaidi. Dirishani alimwona yule mwanamke akikimbia, mkono juu, mdomo wazi. Kisha lori la saruji likapita kati yao, na lilipokwisha kupita hapakuwa na mtu.

"Simamisha gari!" Sasa sauti ilitoka. "Mama yake iko chini!"

Darius akageuka. "Mama ya nani?"

"Ya mutoto!"

"Mutoto si iko na weye?"

"Si wangu! Nimemupokea!"

Kila mtu akasema kwa pamoja. Hata baba mwenye tai aliweka simu mfukoni.

"Straton, geuza gari!" Darius alimwambia shofere.

"Nigeuze wapi?" Straton akajibu. "Huoni ukuta katikati ya barabara? Mpaka Birere."

"Mama ashuke hapa hapa, arudi kwa miguu," alisema mwanamke mwenye kikapu cha mkate.

"Na akikosana naye njiani? Apeleke mutoto ku polisi," alisema baba mwenye tai. Hakusema kwa ukali. "Njo kazi yao. Wataandika, watatafuta."

"Ku radio ni mbio zaidi," akasema mwingine. "Watangaze."

"Weye nawe! Mama amebeba mutoto, amebeba radio?"

Adelaïde alimtazama mtoto. Alikuwa wa kike, mwenye meno mawili ya chini na kofia ya sufu iliyofumwa kwa mkono. Alikuwa anamtazama yeye pia, bila hofu bado, kama mtu anayesubiri aelezwe. Adelaïde akajiuliza, si wao wanajua nini, bali yule aliyebaki nyuma ameona nini. Aliona gari la manjano. Aliona neno jekundu kwenye kioo. Jina langu halijui. Uso wangu ameuona kama mtu anavyomwona ndege akipita.

"Nikishuka, nimemuficha mutoto," alisema. "Mama yake anajua gari hii tu. Inarudia njia ile ile?"

"Njo kazi yetu, Mama," Darius akasema. "Kwenda na kurudi kama mukanda wa mashine ya kusaga."

"Basi, nitakaa."

Walipofika karibu na Birere alikiona kibao chenye jicho kubwa. Lilikuwa jicho la buluu, halikufanana na jicho la mtu yeyote aliyepata kumjua, na mlango chini yake ulikuwa wazi. Aliona hata kabati la kioo ndani, na mtu akipangusa kitu kwa kitambaa cheupe. Angesema "nashuka" angechukua muda mfupi sana. Fundi angemwekea miwani usoni, naye angetoka na mtoto na miwani. Neno lilifika kwenye ulimi. Alilimeza, na kibao kikapita. Hakuna aliyejua kwamba amepitisha kitu.

Mwishoni abiria wote walishuka. Baba mwenye tai alisimama mlangoni, akamgusa mtoto kofia, akasema, "Mungu akutangulie, Mama," kisha akaenda zake.

"Mama, umenunua gari?" Darius alimwuliza, maana abiria wapya walikuwa wanaingia naye yuko palepale. "Tukupake rangi?"

"Pakeni. Lakini endeni."

Walipogeuka kurudi, mtoto alianza kulia. Alitafuta kifuani kwa Adelaïde, akagonga kwa kichwa, akakuta kitenge na mifupa. Adelaïde akamwimbia wimbo ambao hakuwa ameuimba tangu Claudette alipokuwa anatambaa. Maneno mengine hayakuja, akaweka "lala, lala" mahali pake. Unyevu wa moto ukamwenea mapajani. "Haya," akamwambia. "Sasa tumejuana."

Kila lilipopita basi la manjano upande wa pili alinyoosha shingo kutazama. Kila mwanamke aliyekimbia barabarani alikuwa yeye, kisha hakuwa yeye. Akaomba. Hakuomba muujiza. Aliomba tu yule mama asichoke kufikiri.

Kwenye soko dogo Darius aliruka kabla gari halijasimama. Akazunguka, akaita, akarudi akiwa peke yake. Nyuma yake alikuja mama muuza sambaza, mikono ikinuka samaki.

"Ule mama alipanda moto, pikipiki ya taxi," akasema. "Alikuwa analia kama muntu anachomwa. Alisema kwa motari, 'Fuata ya manjano!' Motari akamuuliza, 'Gani?' Zote njo manjano!"

"Kumbe iko kule Birere anatutafuta!" Darius akasema. "Mama, kaa. Tutageuza mbele, turudi Birere tena, tutamukuta."

Shauri lilikuwa jema. Lakini Adelaïde alilipima kwanza. Wanaotafutana wakiwa wote wanatembea, hupishana. Hilo alilijua kwa mbuzi na kwa watu; lilimpata mwaka wa vita, yeye na Faustin, mmoja akishuka bondeni huku mwingine akipanda, siku mbili, hadi Faustin alipochoka akaketi kwenye jiwe la kisima chao. Mmoja lazima aketi. Lakini aketi wapi? Kama yule mwanamke amekata tamaa, akaenda polisi, au kwa ndugu, hapa hatarudi.

Ndipo alipoona furushi. Lilikuwa nyuma ya beseni la sambaza, limeegemezwa ukutani, limefunikwa gunia lisipate jua.

"Ile iko ya nani?"

"Ya ule mama. Aliniachia. Hata hakusema kitu, aliweka tu mbele yangu, akakimbia."

Adelaïde akashusha pumzi. Mtu wa mjini akikimbia huacha mzigo popote. Mtu wa kilimani hata akifiwa huuweka mbele ya mtu, ashike, na akishauweka mbele ya mtu amesema atarudi, hata kama mdomo haukusema. Akashuka.

"Mama, una hakika?" Darius aliuliza.

"Hakika iko na Mungu. Mimi niko na furushi."

Straton alicheka kwa mara ya kwanza, akaondoa gari polepole.

Adelaïde aliketi chini kando ya furushi, mgongo ukutani, mtoto mapajani. Muuza sambaza alimpa mtoto kipande cha mkate. Lakini habari za mtoto aliyepotea zilikuwa zimekwisha kuzunguka soko, na zilipozunguka zilinenepa. Mwanaume mmoja aliyesukuma chukudu, kile kibaiskeli cha mti cha kubebea mizigo, kilichojaa makaa, akasimama. "Njo huyu? Njo mwizi ya mutoto?" Wengine wakaja. Mwanamke mmoja akasema ameona kwa macho yake mama mzee akimnyang'anya mtoto dirishani. Mwingine akasema wako wengi siku hizi, wanavaa kama watu wa kanisa.

"Leta mutoto!" Mkono ukanyooshwa.

Adelaïde angewapa, naye angekuwa huru. Wao ni wengi na wana nguvu. Lakini huyu wa chukudu angempeleka wapi? Yule ambaye ameona kwa macho yake angemkabidhi kwa nani? Akamfunika mtoto kwa ncha ya kitenge, akainua uso.

"Munishike," akasema. "Sikatai. Lakini munishike hapa hapa. Mukinihamisha, mama yake atakuta ukuta mutupu."

"Anajua kusema!"

"Kaeni basi pamoja na mimi, wote. Mukiona nimeinuka, munipige."

Muuza sambaza akasimama, kisu cha samaki mkononi, si kwa kutisha, alikuwa nacho tu. "Huyu mama amerudi na gari mwenyewe. Mwizi gani anarudi? Papa wa makaa, sukuma makaa yako, inatuchafulia samaki."

Watu wengine wakacheka, na kicheko kililegeza kitu. Lakini hawakuondoka. Waliketi kweli, kwenye mawe na kwenye madumu, wakimlinda bila kumwamini. Kengele ya parokia fulani iligonga saa sita. Adelaïde aliihesabu bila kutaka. Akaliona moyoni lile jicho la buluu, na mtu akifunga mlango chini yake kwa ufunguo. Akaona pia meza yake ya Kirolirwe, kitabu na koroboi. "Wewe unajua ninachokikumbuka," akasema kimoyomoyo. "Kinatosha kwa leo." Hakuwa na uhakika kama anaomba au analalamika.

Mtoto alikuwa amelala pikipiki iliposimama. Yule mwanamke alishuka kabla haijatulia, akaanguka kwa goti, akainuka. Hakusalimia mtu. Alimtwaa mtoto, akamgusa kichwa, mikono, miguu, kidole kwa kidole, kisha akawapa wote mgongo, akaketi juu ya furushi lake na kumnyonyesha. Watu wa soko waliangalia pembeni, wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na wa chukudu aliondoka akisema hata yeye alijua tangu mwanzo.

Mwanamke alipogeuka, macho yalikuwa ya hasira.

"Kwa nini haukupiga paa?"

"Nilipiga," Adelaïde akasema. "Ikakimbia zaidi."

Wakatazamana. Kitu kilianza kwenye mdomo wa yule kijana, kikakataa kuwa kicheko, kikawa kilio, kisha kikawa vyote viwili.

"Niko Kayitesi. Wa Ngungu," akasema akifuta pua. "Ninamuleta aonekane kwa bibi yake, mama ya bwana yangu. Ni mara ya kwanza naingia mu mji. Nimefika Birere, nikauliza ku kila gari. Wananicheka: 'Mama, ulimupa muntu usiyemujua?' Nikasema, si nilimupa mama ya ku gari? Wakacheka zaidi." Akalipapasa furushi alilolikalia. "Kisha nikakumbuka furushi."

"Niliiona."

"Nilijua kama uko muntu wa kwetu, utaiona."

Adelaïde aliwaza jinsi neno hilo, wa kwetu, lilivyoponyoka katika kinywa cha mtu wa Ngungu kwa mtu wa Kirolirwe, ambao vilimani huenda wasingepeana moto wa kuwashia jiko mwaka mbaya. Hapa lilitosha kuwaweka wawili upande mmoja wa ukuta.

Basi la manjano lenye SUBIRA lilirudi tena. Darius alishuka, akaona, akaweka mikono kichwani, akapiga ukelele mmoja wa furaha uliowashtua kuku. "Straton, zima moteri! Zima kabisa! Leo gari haitoki mpaka miye niseme, na miye sisemi mpaka hawa wamama waseme!"

Basi la nyuma likapiga honi. "Piga!" Darius alilipigia kelele. "Piga mpaka betri ife!"

Kayitesi alikuwa bado anakwenda Birere, na Adelaïde Ndosho, upande mwingine kabisa. Lakini Kayitesi alilitazama lile gari kama mtu anayetazama mto uliofurika, naye Adelaïde akasema, "Nitakufikisha. Duka langu limefungwa, siko na haraka." Kayitesi hakujua ni duka gani, wala hakuelezwa.

Adelaïde alipanda kwanza, akakaa dirishani palepale. Chini, Kayitesi alikuwa na mtoto mkono huu na furushi mkono huu, na ngazi ya gari mbele yake. Alijaribu na vyote viwili, ikashindikana. Darius alinyoosha mikono apokee mtoto. Kayitesi akarudi nyuma. Alinyoosha apokee furushi, akalikumbatia. Akainua macho dirishani. Akaliweka furushi miguuni, akamwinua mtoto nusu, mikono ikakwama hewani.

Hakuna aliyemharakisha, hata basi la nyuma liliacha honi.

"Bado," Adelaïde alisema. "Mukono yako kwanza."

Akatoa mkono wake wa kushoto nje ya dirisha, akamshika Kayitesi kifundo cha mkono, akakaza kama anayemvuta mtu kwenye mteremko wa matope. Ndipo akanyoosha wa kulia.

"Sasa. Leta."

Na Kayitesi akasema, kwa sauti ndogo, "Pokea."